Jinsi ya Kubuni Bango la Filamu ya Kutisha kwa Programu ya Kuhariri Picha

Anayeanza kubuni bango la filamu ya kutisha hukimbilia vitu vilevile: fuvu, damu inayochuruzika, macho mekundu, na giza zito la kufunika sehemu zilizomshinda. Bango la namna hiyo hutambulika upesi kuwa ni la filamu ya kutisha, lakini halimtishi mtu, kwa sababu kila kilichomo kimeshazoeleka. Kinachomtia mtu wasiwasi ni kitu kimoja kisicho mahali pake ndani ya picha ambayo vingine vyote vimekaa sawa na vinaaminika. Mwongozo huu umejengwa juu ya msimamo huo: utachagua kasoro moja ya makusudi, kisha utatumia muda wako mwingi kuondoa kasoro zisizo za makusudi, maana mtazamaji akigundua ukingo wa nywele uliokatwa vibaya, au mwanga unaomwangazia mtu kutoka upande usio na taa, wasiwasi wake huishia hapo hapo, ameshajua kwamba anatazama picha za kuunganishwa.

Amri zinazotajwa hapa zina majina ya Photoshop, kwa kuwa ndiyo yanayofahamika kwa wengi. GIMP, ambayo ni programu ya bure, inazo karibu zote kwa majina yaleyale au yanayofanana nayo, na tangu toleo la 3.0 lililotoka mwaka 2025 vichujio vyake vingi vinaweza kurekebishwa baada ya kuwekwa, bila kuharibu picha ya asili. Photopea hufanya kazi ndani ya kivinjari na hufungua mafaili ya PSD (muundo wa faili wa Photoshop), ingawa faili kubwa huielemea.

Hatua ya kwanza: andika sentensi moja kabla ya kufungua programu

Tuchukue filamu ya kubuni tutakayoifuata hadi mwisho. Mwanamke amepewa kazi ya kulinda usiku jengo la hospitali lililofungwa, na kila usiku lifti isiyo na umeme hupanda yenyewe. Kisa kama hiki kina mambo mengi ya kuweka kwenye bango: vitanda vitupu, nyuso za wagonjwa wa zamani, tochi, funguo, mlango wa chumba cha maiti. Ukiviweka vyote, bango litageuka orodha ya vifaa vya filamu.

Badala yake, andika sentensi yenye neno "lakini" mara moja tu. Kwa filamu yetu inaweza kuwa hivi: mlinzi amesimama peke yake mbele ya lifti iliyo wazi, lakini sakafuni kuna vivuli viwili. Sehemu iliyo kabla ya "lakini" ndiyo picha ya kawaida utakayoijenga kwa uaminifu, na sehemu inayofuata ndiyo kasoro yako ya makusudi. Sentensi ikihitaji "lakini" ya pili, kwa mfano kwamba pia mlinzi hana uso, ondoa mojawapo, kwani macho ya mtazamaji yatagawanyika na kila ajabu itaipunguzia nguvu nyenzake.

Chora kwa penseli michoro midogo kadhaa, kila mmoja ukiwa na ukubwa wa stempu. Udogo huo unakulazimisha kufikiri kwa mafungu ya giza na mwanga, kwa kuwa hauna nafasi ya kuchora vidole wala vitasa vya milango. Katika michoro hiyo, tenga mapema mahali pa jina la filamu. Jina linalotafutiwa nafasi baada ya picha kukamilika huishia kukaa juu ya kifua cha mtu au kwenye kona, na kulihamisha wakati huo ni kuivunja picha nzima. Katika mfano wetu, dari ya korido ni giza tupu, kwa hiyo jina litakaa juu, na vivuli virefu vitashuka kuelekea chini ya bango ambako jicho huishia.

Hatua ya pili: faili lenye vipimo sahihi

Bango la kawaida la sinema nchini Marekani lina upana wa inchi 27 na urefu wa inchi 40. Uingereza hutumia pia bango la kulala lenye upana wa inchi 40 na urefu wa inchi 30, na kwa uchapaji wa kawaida karatasi ya A2, yenye milimita 420 kwa 594, inatosha kwa mabango ya ndani. Kwa pikseli 300 kwa inchi, bango la inchi 27 kwa 40 linahitaji pikseli 8100 kwa 12000. Hicho ni kiasi kikubwa: tabaka (layer) moja tu lililojaa, katika biti 16, hubeba takribani megabaiti 580 kabla ya kubanwa, na faili la PSD lina kikomo cha gigabaiti 2, hivyo utalazimika kuhifadhi kwa muundo wa PSB, ambao ni wa mafaili makubwa. Kwa bango litakalotazamwa kwa umbali wa mita moja na kuendelea, pikseli 150 kwa inchi, yaani 4050 kwa 6000, zinatosha kabisa, mradi maandishi madogo yabaki kuwa matabaka ya maandishi yasiyogeuzwa kuwa pikseli.

Jambo ambalo watu hulipuuza ni kina cha biti. Picha ya biti 8 ina ngazi 256 tu kwa kila rangi ya msingi, na bango la giza hutumia ngazi chache za chini. Mteremko laini kutoka giza hadi giza kidogo zaidi, ambao ndio uhai wa bango la aina hii, hugawanyika na kuwa mistari inayoonekana kwa macho. Fungua faili kwa biti 16 tangu mwanzo. Kuligeuza baadaye hakurudishi ngazi zilizokwisha kupotea. Fanya kazi katika RGB (mfumo wa rangi wa skrini), ongeza milimita 3 kila upande kwa ajili ya kukatwa na mchapaji, na usiweke herufi yoyote karibu na ukingo kwa chini ya sentimita moja.

Hatua ya tatu: piga picha ukijua zitakavyounganishwa

Picha mbili zilizopigwa bila mpango haziunganiki vizuri hata mikononi mwa fundi hodari. Kabla ya kupiga, kubaliana na mpiga picha juu ya mambo matatu: urefu wa kamera kutoka sakafuni, lenzi itakayotumika, na upande unaotoka mwanga. Ikiwa korido imepigwa kamera ikiwa usawa wa macho ya mtu aliyesimama, mlinzi naye apigwe kwa usawa huohuo na kwa lenzi ileile, la sivyo miguu yake itaonekana inateleza juu ya sakafu. Katika mfano wetu mwanga unatoka ndani ya lifti, mbele ya mlinzi, na sisi tunamwona kwa mgongo. Kwa hiyo taa iwekwe mbele yake, ili mabega na nywele zipate utepe mwembamba wa mwanga na mgongo ubaki gizani.

Piga picha zikiwa na mwanga zaidi kidogo ya unavyozitaka. Kutia giza ni rahisi, ilhali kuinua mwanga kwenye sehemu zilizokuwa na giza tangu awali huleta chembechembe chafu zenye rangi. Mlinzi apigwe mbele ya ukuta wa kijivu wenye giza linalokaribiana na la korido, kwani ukuta mweupe huacha mstari mweupe kwenye kila unywele. Picha za kuokota kwenye intaneti ziache, isipokuwa zile ambazo leseni yake inaruhusu matumizi ya kibiashara, na mtu yeyote ambaye sura yake inatambulika asaini idhini ya maandishi.

Hatua ya nne: kukata na kupanga

Tumia maski, usitumie kifutio. Kilichofutwa kimekwenda, bali kilichofichwa kwa maski hurudi kwa kupaka brashi nyeupe. Geuza kwanza picha ya mlinzi kuwa Smart Object ili kuipunguza na kuikuza kusiharibu ubora wake, kisha ufanye uteuzi, uusafishe kwenye nywele, na uugeuze kuwa maski. Ukingo wa kitu ndani ya picha halisi hauwi mkali kama wembe. Mara nyingi hulainika kwa pikseli moja au mbili. Tazama ukingo wa mlango wa lifti uliomo tayari kwenye picha, kisha lainisha maski ya mlinzi mpaka ilingane nao.

Kumweka mlinzi mahali pake kunahitaji mstari wa upeo wa macho. Kwenye tabaka la muda, chora mistari inayofuata kingo za sakafu na dari ya korido hadi zikutane. Mstari wa mlalo unaopita kwenye makutano hayo ndio upeo wa macho. Ikiwa kamera ilikuwa usawa wa macho ya mlinzi, kichwa chake lazima kikatwe na mstari huo kwenye macho, awe karibu au mbali, ilimradi sakafu ni tambarare. Kanuni hii moja huondoa nusu ya matatizo ya watu wanaoonekana kama majitu au vibete ndani ya vyumba.

Baada ya hapo linganisha toni. Weka juu ya matabaka yote tabaka la marekebisho linaloondoa rangi, ili ulinganishe mwanga peke yake. Angalia sehemu nyeusi zaidi ya nguo ya mlinzi na sehemu nyeusi zaidi ya ukuta ulio umbali uleule: zinapaswa kukaribiana. Vitu vilivyo mbali huwa na weusi uliofifia kwa sababu ya vumbi na unyevu wa hewa, hivyo mtu aliye mwisho wa korido mwenye weusi mzito kuliko wa ukuta wa karibu ataonekana amebandikwa. Rekebisha kwa Curves (zana ya kubadilisha mwanga kwa kupinda mstari) iliyofungwa kwenye tabaka la mlinzi pekee. Ukipata shaka, weka kwa muda Curves nyingine juu ya yote, yenye mstari uliopinda vikali kupanda na kushuka mara kadhaa. Picha itakuwa mbaya kutazama, lakini tofauti ambayo jicho lilikuwa halioni itajitokeza wazi. Toni zikishalingana, ondoa matabaka ya muda na ulinganishe rangi.

Hatua ya tano: kujenga giza

Giza la bango linajengwa kwa makini sawa na mwanga. Kosa linaloonekana kwenye mabango mengi ya wanaoanza ni kushusha mwanga wa picha nzima kwa pamoja, matokeo yake picha inakuwa chafu na ya kijivu, bila kitovu. Njia bora ni kutengeneza tabaka la Curves linalotia giza kali kila mahali, kisha kupaka brashi nyeusi kwenye maski yake, yenye nguvu ya asilimia 5 hadi 10, pale tu ambapo mwanga wa lifti ungefika kweli. Mwanga huo unafika wapi? Unagusa ukingo wa ndani wa milango ya lifti, unatambaa sakafuni na kupungua kadiri unavyokwenda mbali, unagusa pembe za milango ya vyumba pande zote mbili, na hauingii ndani ya vyumba. Kila unapotaka kupaka, jiulize kama mahali hapo panaonana na taa kwa mstari ulionyooka.

Kwa marekebisho madogo zaidi, ongeza tabaka lililojazwa kijivu cha asilimia 50 katika hali ya kuchanganya matabaka iitwayo Overlay. Kijivu hicho hakionekani, lakini ukipaka nyeupe juu yake sehemu hiyo inang'aa, na ukipaka nyeusi inafifia. Hapa ndipo unapoweza kunoa utepe wa mwanga kwenye bega la mlinzi, au kuzamisha tangazo la ukutani linalovuta macho bila sababu.

Usiache eneo kubwa kuwa na thamani ya sifuri kabisa. Giza lenye thamani ya 8 hadi 15 kati ya 255, lenye dalili hafifu ya kitasa au pembe ya kitanda, hulifanya jicho litafute, na anayetafuta ndiye anayeogopa. Giza tupu halitafutwi, kwa kuwa jicho hutambua mara moja kwamba hamna kitu. Sehemu yenye tofauti kubwa kuliko zote kati ya mwanga na giza iwe moja tu, na iwe karibu na kasoro yako. Kwetu ni pale mwanga wa lifti unapokutana na miguu ya mlinzi. Wengi humaliza kwa duara la giza linalozunguka picha kwa usawa pande zote. Duara hilo ni alama ya haraka. Ukihitaji kufunga pembe, zipake kwa mkono, upande mmoja uwe mzito kuliko mwingine.

Hatua ya sita: vivuli viwili

Hii ndiyo hatua inayobeba bango zima, na kazi yake huanza na kivuli cha kweli, yaani cha mlinzi mwenyewe. Nakili umbo lake, lijaze rangi nyeusi, liweke chini ya tabaka lake katika hali ya Multiply (inayotia giza kilicho chini yake), ligeuze juu chini, kisha tumia Distort kulilaza sakafuni kuja upande wetu. Nyayo za kivuli lazima ziguse nyayo za mlinzi bila mwanya. Kwa kuwa chanzo cha mwanga kiko kwenye makutano ya mistari ya korido, vivuli vitapanuka kadiri vinavyotukaribia, hivyo upande wa kichwa cha kivuli uwe mpana kuliko upande wa miguu.

Mlango wa lifti ni chanzo kipana cha mwanga, na chanzo kipana hutoa kivuli chenye ukingo mkali karibu na mwili na ukingo unaoyeyuka kadiri kinavyorefuka. Kwa hiyo usikilainishe kivuli chote kwa kiwango kimoja. Tengeneza nakala tatu, uzilainishe kwa Gaussian Blur ya pikseli 4, 15 na 40 katika faili la pikseli 4050 kwa 6000, kisha kwa maski zenye mteremko uache nakala kali ionekane miguuni, ya kati kiunoni, na laini kichwani. Punguza pia uzito wa kivuli kuelekea kichwani. Kivuli kisiwe cheusi tii: mikwaruzo na maungio ya vigae vya sakafu yaonekane chini yake, na kiwe na rangi kidogo ya mazingira. Mwishowe, paka mstari mwembamba na mweusi zaidi pale soli inapogusa sakafu. Bila mstari huo mtu huelea, hata kama mengine yote ni sahihi.

Sasa kivuli cha pili. Tumia umbo la mtu mwingine, wala usirudie la mlinzi, kwani macho hutambua upesi umbo lililonakiliwa. Kiwe kirefu kidogo kuliko cha kwanza, mikono ikining'inia chini kidogo ya pale mikono inapoishia kwa kawaida, na kichwa kikiinama kuelekea kivuli cha mlinzi. Pembe, makucha na meno viache. Kinaanzia kwenye sakafu tupu, hatua moja pembeni mwa mlinzi, kikiwa na alama mbili za soli na hakuna aliyesimama juu yake. Kanuni zote za kivuli cha kwanza zifuatwe hapa vilevile: mwelekeo uleule wa mwanga, mpangilio uleule wa ukali na ulaini, uzito uleule. Kuna kishawishi cha kukifanya kiwe hafifu ili kionekane cha mzuka. Usikikubali. Kivuli hafifu kitasomwa kama kosa la mhariri, lakini chenye uzito sawa na cha mlinzi kinamlazimisha mtazamaji akubali kwamba pale pana mwili unaozuia mwanga.

Ikiwa filamu yako imeegemea uso badala ya mahali, kanuni ni ileile na vifaa ndivyo vinavyobadilika. Jicho hai lina nukta ya mwanga inayoakisi taa; ifute kwa brashi ya kunakili na jicho litakufa, ilhali uso uliobaki haujaguswa. Unaweza pia kugeuza nusu ya uso na kuiunganisha na nusu yake yenyewe, maana nyuso za watu hazilingani pande mbili na uso unaolingana kabisa unaweza kumsumbua mtazamaji bila yeye kujua sababu. Chagua mojawapo. Liquify (zana ya kuvuta na kupinda sehemu za picha) ikitumika kupanua mdomo na macho kwa pamoja, kichekesho hakiko mbali.

Ukungu, kwa wanaoupenda, usitengenezwe kwa kichujio cha mawingu, ambacho hutoa mabaka yanayofanana kila mahali. Picha ya moshi uliopigwa mbele ya kitambaa cheusi, ikiwekwa katika hali ya Screen (inayoficha weusi na kubakiza mwanga) na kuzidishwa upande wa mbali wa korido, hutosha.

Hatua ya saba: rangi

Jifunge kwenye familia mbili za rangi. Korido ya hospitali inapokea vizuri kijani kilichofifia kwenye toni za kati, na mwanga wa lifti unaweza kuwa wa manjano chafu. Gradient Map (inayozipa ngazi za mwanga rangi ulizochagua) iliyowekwa katika hali ya Color kwa nguvu ya asilimia 20 hadi 30 huunganisha picha zilizopigwa kwa taa tofauti kuliko marekebisho mengi ya kila tabaka.

Nyekundu inahitaji tahadhari. Watu huona nyekundu juu ya nyeusi kuwa ndiyo rangi ya hofu, lakini kwa macho ni mchanganyiko dhaifu: nyekundu kamili ya skrini juu ya nyeusi ina uwiano wa mwanga wa takribani 5 kwa 1, na nyekundu iliyokolea kama ya divai hushuka hadi karibu 2 kwa 1, wakati nyeupe juu ya nyeusi ni 21 kwa 1. Jina la filamu lililoandikwa kwa nyekundu iliyokolea hupotea kabisa likitazamwa kwa mbali. Ukitumia damu, kumbuka kwamba damu mbichi tu ndiyo nyekundu angavu. Ikikauka huelekea kahawia, na doa la kahawia lililowekwa kwa Multiply huaminika kuliko rangi nyekundu iliyomiminwa.

Hatua ya nane: maandishi

Herufi zinazochuruzika au zilizochanika huambia watu waogope, jambo ambalo picha tayari inalifanya vizuri zaidi. Kwa bango lenye kasoro tulivu kama letu, chagua fonti nyembamba na ndefu isiyo na mapambo, uipanue nafasi kati ya herufi, na uipe rangi nyeupe iliyochafuka. Oswald, Bebas Neue na League Gothic zina leseni huria inayoruhusu matumizi ya kibiashara. Fonti nyingine, soma leseni yake kwanza, maana nyingi zinazoitwa za bure ni za matumizi binafsi tu.

Kaulimbiu iwe sentensi fupi moja, na isieleze picha. Kuandika "Hayuko peke yake" juu ya bango lenye vivuli viwili ni kumnyang'anya mtazamaji ugunduzi wake. "Lifti haina umeme tangu hospitali ilipofungwa" inampa habari mpya na kumrudisha kwenye picha kutazama upya.

Orodha ya majina ya watengenezaji huwekwa chini kwa herufi nyembamba sana na ndefu. Mpangilio na ukubwa wake mara nyingi umewekwa kwenye mikataba ya waigizaji na mwongozaji, kwa hiyo mwombe mtayarishaji orodha iliyoandikwa na kuthibitishwa, uinakili jinsi ilivyo, kisha mtu mwingine aisome herufi kwa herufi. Ipe rangi ya kijivu cha kati, isishindane na jina.

Sasa punguza bango hadi upana wa pikseli 200, kwa kuwa watu wengi wataliona kwanza likiwa dogo kwenye simu. Jina lisomeke, mlinzi atambulike kuwa ni mtu, na vivuli viwili vihesabike. Kisichoonekana hapo kirekebishwe kwenye toni kwanza, kabla ya kufikiria kukikuza.

Hatua ya tisa: chembechembe na kukamilisha

Weka juu ya yote tabaka la kijivu cha asilimia 50 katika hali ya Overlay, ulitie chembechembe zisizo na rangi kwa Add Noise, kisha uzilainishe kidogo ili zisifanane na vumbi la kidijitali. Chembechembe hizi hufanya kazi mbili: zinazipa picha zote umbile moja, na zinavunja mistari ya mteremko iliyobaki kwenye giza. Binafsi huziruhusu zipite juu ya jina la filamu pia, kwa nguvu ndogo, ili jina lisionekane limewekwa juu ya kioo. Kunoa picha kufanyike kabla ya chembechembe. Ukinoa baadaye utakuwa unanoa chembechembe zenyewe.

Hatua ya kumi: kutoa kwa ajili ya skrini na karatasi

Kwa intaneti, geuza nakala kuwa sRGB (mfumo wa rangi wa kawaida wa skrini) na uihifadhi kama JPEG ya ubora wa juu, upande mrefu ukiwa na pikseli 2000 hivi. Usiguse faili la kazi.

Karatasi ndiyo yenye matatizo. Skrini hutoa mwanga wake yenyewe, ilhali karatasi huakisi mwanga wa chumba, na wino husambaa kidogo unapogusa nyuzi za karatasi, hivyo giza lililoonekana vizuri kwenye kompyuta huziba likichapwa. Mwombe mchapaji wasifu wa rangi wa mashine yake na kikomo cha jumla ya wino. Mashine nyingi hukubali takribani asilimia 300 kwa wino zote nne zikijumlishwa, na karatasi isiyo na mng'ao hukubali pungufu ya hapo. Weusi wa wino mmoja pekee huonekana kijivu kwenye eneo kubwa, kwa hiyo eneo la giza lichanganye wino zote, kwa mfano asilimia 60 ya samawati, 40 ya majenta, 40 ya manjano na 100 ya nyeusi, jumla ikiwa 240. Kwenye orodha ya majina ya chini fanya kinyume: upande huo wa sakafu ulishe wino mweusi zaidi na rangi nyingine kidogo, kwa sababu herufi ndogo za kijivu zilizozungukwa na wino nne huota ukingo wa rangi sahani za uchapaji zikikosa kulingana hata kidogo.

Kabla ya kuchapa bango zima, kata kipande cha ukubwa wa A4 chenye miguu ya mlinzi na mwanzo wa vivuli vyote viwili, ukichapishe kwa vipimo halisi kwenye karatasi ileile itakayotumika, na ukibandike ukutani chini ya taa ya kawaida. Kitazame ukiwa umbali wa mita mbili. Kivuli cha pili kikiwa kimemezwa na sakafu, usiinue mwanga wa picha nzima. Ongeza Curves yenye maski ya sakafu peke yake, uinue toni za chini kidogo kidogo, kisha uchape kipande kingine.